Buriani Mbotela: Nani Atatutangazia Mpira kwa Kiswahili Hapa Kampala?

Ijumaa ya tarehe 7 Februari 2025, Leonard Mambo Mbotela alifariki dunia nchini Kenya akiwa na umri wa miaka 84. Habari zilinifikia mchana nikipanda kilima cha Kibuli. Watu walikuwa wakitoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na bodaboda zimejaa njia nzima. Kabla sijafika nyumbani, kundi la darasa letu kwenye simu lilikuwa limekwisha kujaa picha zake na michoro ya mishumaa. Mmoja aliandika kwamba nguli wa lugha ametutoka. Mwingine aliandika kwamba maktaba imeungua. Hata walimu wetu wawili walituma rambirambi, tena kwa Kiswahili cha kupigiwa mfano.

Niliyasoma yote nikiwa na hasira, na ninaomba msomaji anivumilie nieleze sababu. Wiki chache kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepeleka pendekezo la tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho. Nilitaka kuchunguza utangazaji wa mpira redioni kama utanzu wa fasihi simulizi, na mfano wangu mkuu ulikuwa Mbotela. Karatasi yangu ilirudi na maneno matatu ya wino mwekundu: "Hii si fasihi." Chini yake niliandikiwa nitafute mwandishi wa riwaya. Sitaji jina la mwalimu wala la chuo, kwa sababu kosa hili si la mtu mmoja. Ni kosa letu sote tunaosoma na kufundisha Kiswahili. Akiwa hai, kazi ya mtangazaji haiingii darasani. Akifa, anakuwa nguli na maktaba.

Kwa hiyo makala hii ni buriani, na pia ni malalamiko. Hoja yangu ni kwamba mtangazaji wa mpira ni fanani kama alivyo mtambaji wa ngano, na kwamba hapa Uganda, ambako Kiswahili kinatafuta njia ya kuingia mioyoni mwa watu, tumeufunga mlango uliokuwa wazi kuliko yote.

Kwanza nimweleze marehemu kwa wale wanaomjua kwa picha tu. Mbotela alizaliwa mwaka 1940 Mombasa, katika ukoo uliotokana na watumwa walioachwa huru na kuwekwa Freretown. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 ambacho baadhi yetu tumekisoma katika somo la historia ya fasihi. Mwana alijiunga na redio ya taifa ya Kenya mwaka 1964. Miaka miwili baadaye alianza kipindi cha Je, Huu ni Uungwana?, kilichodumu kwa zaidi ya nusu karne. Humo alikuwa akisimulia visa vya watu wanaokosa adabu mbele ya wenzao, kisha akamwachia msikilizaji swali lile lile la jina la kipindi. Pamoja na hayo yote alikuwa mtangazaji wa mpira, na kwa Wakenya wa umri wa babu yangu, Harambee Stars na sauti ya Mbotela ni vitu viwili visivyotenganishwa.

Sasa nimweleze babu, kwa kuwa bila yeye nisingekuwa na la kusema. Babu ni Mteso wa Tororo, mpakani kabisa, ambako redio ya Kenya ilisikika vizuri kama ya kwetu na pengine kuipita. Aliingia polisi mwaka 1980 na kufunzwa papa hapa Kibuli. Alipostaafu hakurudi Tororo. Alipanga vyumba viwili chini ya kilima, karibu na kambi, akabaki na wenzake. Nyumbani kwake Kiateso ni cha simu za kijijini na Luganda ni cha sokoni. Lugha ya kukaa na kuzungumza ni Kiswahili, kile Kiswahili cha kambini ambacho wanafunzi wenzangu hukicheka: "ile mtu", "kitu yangu", "mimi nakujaga". Lakini babu akianza kusimulia mpira, ngeli zote hukaa mahali pake. Mpira unatoka, lango linabaki wazi, nyavu zinatikisika. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza amejifunzia wapi. Akaninyoshea kidole redio yake, iliyokuwa imefungwa waya mrefu hadi juu ya bati ili ishike mawimbi ya Kenya usiku.

Lazima niseme ukweli. Mimi nimezaliwa nimechelewa, na sikuwahi kumsikia Mbotela akitangaza mechi nzima moja kwa moja. Kipindi chake cha uungwana nilikisikia, lakini mpira wake niliupata kwa mdomo wa babu na kwa vipande vifupi vinavyozunguka kwenye simu. Kwa hiyo ninamlilia mtu niliyemsikia kwa kusimuliwa, kama wengi wenu mnavyompenda Fumo Liyongo ambaye hakuna aliyemwona.

Kisa cha babu ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1982. Mwaka huo mashindano ya CECAFA yalichezwa Uganda, na katika fainali Uganda ilikutana na Kenya. Babu alikuwa zamu Nakivubo. Kila aliyewahi kwenda uwanjani anajua polisi husimama vipi: uso kwa mashabiki, mgongo kwa mpira. Kwa hiyo babu alihudhuria fainali ambayo hakuiona. Mchezo ulikwisha bao moja kwa moja ukaingia kwenye penalti, na golini mwa Kenya alisimama Mahmoud Abbas, yule Wakenya waliyemwita Kenya One. Babu anasema alijua Uganda imepoteza penalti kwa jinsi nyuso zilizokuwa mbele yake zilivyoanguka zote mara moja. Kenya ikachukua kombe. "Mechi niliyosikia kwa redio niliona," huniambia, "na ile niliyoenda kwa miguu yangu sikuona."

Leo macho ya babu yamefifia. Televisheni kwake ni mwanga unaotembea ukutani. Kwa mtu kama huyu redio si kumbukumbu ya zamani. Ni uwanja wake, na lugha inayotumika redioni ndiyo inayoamua kama ataingia uwanjani au atabaki nje. Nawaomba walimu wangu wamkumbuke mzee huyu wanapoyasoma yanayofuata.

Wanaosema utangazaji wa mpira si fasihi wana hoja tatu. Nimezisikia zote darasani na kwenye mikahawa ya wanafunzi, na nitazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba mtangazaji haundi chochote. Anaeleza kilichopo, kama karani anayeandika kumbukumbu za mkutano. Anayesema hivi hajawahi kujaribu. Keti mbele ya mechi, zima sauti, mtangazie mtu aliyefumba macho. Utagundua kwamba wachezaji ni ishirini na wawili na ulimi ni mmoja. Kila sekunde unachagua la kusema na la kuacha. Lazima useme nani ana mpira, yuko upande gani wa uwanja, anaelekea lango la nani, na nani anamkabili. Kila baada ya dakika chache urudie matokeo na muda, kwa sababu kuna mwendesha bodaboda amefungua redio sasa hivi akisubiri abiria. Ukiyasema yote kwa sauti moja umemchosha msikilizaji. Ukipandisha sauti kila mara, bao likija huna pa kuipeleka.

Na hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha uwezo wake. Sisi wanafunzi wa isimu tunapaswa kuona aibu kwamba hatujaliandika hili. Mpira ukiwa bado miguuni mwa mchezaji, mtangazaji anatumia njeo ya sasa: anakwenda, anamtazama beki, anasubiri. Tukio likikamilika anasema amempita. Mambo yanapokwenda mbio kuliko ulimi, anaziacha zote mbili na kushika ile ka- fupi ya nafsi ya tatu: kampita, kampa, kapiga, kipa kadaka! Darasani ka- tulifundishwa kwa ngano ya sungura na fisi: akaenda, akaona, akala. Ile ni ka- ya kufuatanisha matendo. Hii ya mtangazaji inabeba mtenda na ukamilifu wa tendo katika silabi moja. Neno kama "kampokonya" lina mtenda, mtendwa, wakati na tendo ndani yake. Sema hayo kwa Kiingereza, na kabla hujamaliza sentensi mpira uko upande wa pili. Nilikuwa nimeliandika hili katika pendekezo langu. Wino mwekundu ulilipita bila alama yoyote.

Tazameni pia msamiati. Mchezaji akiupitisha mpira juu ya kichwa cha mwenzake, amemvisha kanzu. Kwetu Kibuli, ambako kanzu zinajaa njia kila Ijumaa, mzaha huu hauhitaji kamusi. Akiupitisha katikati ya miguu, amempiga tobo. Aliyetangulia nyuma ya mabeki ameotea, na kweli anafanana na mwindaji anayevizia. Penalti ni mkwaju. Je, kuna kamati iliyokaa mezani ikayaunda maneno haya? Yamekulia viwanjani, magazetini na redioni, midomoni mwa mashabiki na watangazaji, yakakubalika kwa sababu yanachekesha na yanaonyesha. Tunaandika tasnifu kuhusu istilahi za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia, huku istilahi zilizo hai tukiziacha uwanjani.

Hapa Kampala hatuna hata haki ya kusema kwamba hatujui sanaa ya sauti. Kila mtaa wetu una kibanda cha filamu, na katika kila kibanda kuna VJ, yule anayeifasiri filamu ya Marekani au ya Korea kwa Luganda papo kwa papo, akiongeza utani, akiwabatiza wahusika majina ya mtaani. Watu wanachagua filamu kwa kuangalia ni VJ gani ameifasiri. Wataalamu wa kigeni wamekuja kuwaandika watu hawa. Jiji linalompenda VJ kiasi hiki linaelewa vizuri kwamba anayesimulia kinachoonekana anaunda kitu kipya. Ni idara zetu za Kiswahili tu ambazo hazijaelewa.

Kwa hiyo, kama fasihi simulizi inahitaji fanani, hadhira, tukio na utendaji, mtangazaji anavyo vyote vinne. Tofauti ni kwamba hadhira yake haionekani. Mtambaji wa ngano akiona watoto wanasinzia hubadili sauti. Mtangazaji hana nyuso mbele yake, naye anapaswa kuziwazia. Hilo linamwongezea ugumu, halimpunguzii hadhi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuikwepa. Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa siasa, aliniambia: "Huyo mzee wako alikuwa sauti ya serikali." Ni kweli kwamba kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na redio moja tu, ya serikali, na Mbotela alikula mshahara wake humo. Redio hiyo haikuwa mahali pa kumuuliza rais kama anayofanya ni uungwana. Mtu anaweza kulalamika kwamba kipindi kilichowakemea wanaosukumana kwenye foleni hakikuwakemea waliosababisha foleni. Nalikubali lalamiko hilo.

Lakini tukumbuke tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga walioasi, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walitaka kuitangazia Kenya kwamba serikali imepinduliwa. Walikuwa na bunduki na walikuwa wameishika stesheni. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni sauti ya kuaminiwa. Kwa hiyo walikwenda kumtoa Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha asome tangazo lao. Jaribio lile lilishindwa siku hiyo hiyo, na baadaye sauti ile ile ikawatangazia Wakenya kwamba serikali ingalipo. Tafakarini maana yake. Wenye bunduki walitambua thamani ya mtangazaji wa Kiswahili kabla ya vyuo vikuu kuitambua. Imani ile ya wasikilizaji haikutokana na vyeo. Ilitokana na miaka ya kuwaambia watu mpira uko wapi, na wao kukuta kwamba kweli ulikuwa hapo.

Hoja ya tatu ni ya Waganda wenzangu, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Husema: Kiswahili si chetu. Ni lugha ya wanajeshi na ya kondo, wale majambazi wenye silaha waliogonga milango usiku. Hofu hii ina historia. Mwaka 1929, serikali ya kikoloni ilipotaka kukipa Kiswahili nafasi kubwa, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na bibi zetu wakakisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 1979 wakombozi nao walikuja wakikisema, wakiwa na bunduki vilevile. Siwezi kumlaumu mama aliyejifunza neno "fungua" kwa kugongewa mlango saa nane ya usiku.

Jibu langu kwake ni maisha ya Mbotela. Ukoo wake haukuzaliwa na Kiswahili. Watu wa Freretown walitekwa bara wakiwa na lugha zao, wakashushwa pwani kwa minyororo, wakakikuta Kiswahili kikiwa lugha ya waliowamiliki. Kama kuna waliokuwa na sababu ya kukichukia, ni wao. Na ninyi wanafunzi wenzangu mnajua neno "mwungwana" lilimaanisha nini zamani kule pwani. Mwungwana ni yule aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Basi fikirini: mtu wa ukoo wa watumwa anakaa mbele ya maikrofoni mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru wa Kenya, anaishika ile sifa ambayo babu zake walinyimwa, na kuanzia hapo anawapima nayo watu wote, matajiri kwa maskini, wa pwani kwa wa bara. Uungwana ukaacha kuwa jambo la ukoo, ukawa jambo la mwenendo. Kama hilo si kuinyang'anya lugha kutoka kwa wenye minyororo, basi sijui kunyang'anya ni nini.

Sisi wa Kibuli tungeweza kufanya vivyo hivyo. Tungekitoa Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani na kukipeleka uwanjani. Hakuna amri itakayofanya kazi hiyo. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana za Siku ya Kiswahili Duniani na kusikiliza hotuba, nyingine kwa Kiingereza. Mtu hapendi lugha kwa sababu ya kifungu cha katiba. Anaipenda kwa sababu kuna siku alipiga kelele za furaha ndani yake.

Niwape ushahidi wangu. Tarehe 23 Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, Uganda ilicheza robo fainali na Senegal hapa Namboole. Kumbukeni kwamba ombi lililozipa nchi hizi tatu AFCON ya 2027 liliitwa Pamoja. Limebeba jina la Kiswahili. Jioni hiyo nilikaa na babu na redio yake, nikazungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho nikitafuta matangazo ya Kiswahili ya mechi inayochezwa kilomita chache tu kutoka tulipoketi. Nilikuta Luganda, nikakuta Kiingereza, nikakuta mahubiri. Kiswahili sikukipata. Babu alisikiliza Luganda, akiuliza kila mara, "Amesema nini? Nani huyo?" Senegal ilipata bao moja, ikatutoa. Babu alilijua bao kwa kelele za jirani, kama alivyojua penalti ya Nakivubo miaka arobaini na mitatu iliyopita. Kwa mara nyingine mzee wangu alikuwa kwenye mechi akiwa ameipa mgongo.

Siichukii Luganda. Watangazaji wake ni hodari, na hongera kwao. Ninachosema ni kwamba kuna Wateso, Waacholi, Walugbara, Wanubi, Wakongo na Wasudan wa Kusini katika jiji hili, kuanzia Kibuli hadi Nsambya na Namuwongo, ambao Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na hakuna anayewatangazia. Wenzetu Watanzania hawana tatizo hili. Mechi ya Simba na Yanga huisikilizwi kwa lugha nyingine. Lakini hata kwao wazee wanaondoka. Miezi mitatu tu baada ya Mbotela, Mei 2025, alifariki Charles Hilary, ambaye sauti yake ilipitia Radio Tanzania, Redio One, Deutsche Welle na BBC. Tukatuma tena mishumaa.

Mishumaa imetosha. Ninataka mambo matatu, na ninayaandika hapa ili nisije nikaambiwa nililalamika tu.

Kwanza, somo la fasihi simulizi lipewe angalau mada moja ya utangazaji wa redio, mpira ukiwemo. Tunafundisha majigambo na vitendawili, na ni vyema tuendelee. Lakini mwanafunzi anayemaliza shahada ya Kiswahili bila kusikiliza dakika tisini za utangazaji ameikosa fasihi simulizi ambayo watu wengi zaidi wameisikia katika Afrika Mashariki.

Pili, wanafunzi tuanze kukusanya. Kanda za zamani zinaoza kwenye makabati, na zile zisizorekodiwa zimebaki vichwani mwa wazee kama babu. Kila mmoja wetu ana simu yenye kinasa sauti. Badala ya kwenda kijijini kutafuta ngano ya sungura kwa mara ya elfu moja, nenda kwa mzee aliyekuwa na redio.

Tatu, tutangaze. Hatuhitaji leseni ya stesheni ili kusimama pembeni ya uwanja wa chuo wakati wa mechi ya mabweni tukiwa na kipaza sauti. AFCON itakuja. Kama hatutakuwa na vijana wa Uganda wanaoweza kuitangaza kwa Kiswahili, tutawaazima kutoka Dar es Salaam na Nairobi, kisha tutaendelea kusema Kiswahili si chetu.

Mimi nimeanza, na nimeanza vibaya. Jumapili moja mwezi uliopita nilimwongoza babu hadi kwenye kiwanja cha vumbi ambapo watoto wa mtaa huchezea, nikamketisha kwenye jiwe, nikamtangazia. Nilidumu dakika kumi na moja. Nilitumia kampita na kampa zangu zote, nikapandisha sauti mapema, bao lilipoingia nikakohoa. Babu alisubiri nikanyamaza.

"Umeniambia nani ana mpira," alisema. "Hujaniambia yuko wapi. Mimi nitamwona vipi?"

Niliomba radhi, nikaanza upya tangu katikati ya uwanja. Jumapili ijayo tutakwenda tena.

Buriani, Mzee Mbotela. Nitalipeleka tena pendekezo lile lile muhula ujao, na safari hii wakinirudishia wino mwekundu nitawauliza swali lako.